Kipande cha Shela

"Vua shati, Leandro. Livue sasa hivi, kabla mvua haijakatika."

Leonie Pascoe aliyasema maneno hayo kwa sauti nzito ya mahaba, Jumamosi mchana, katikati ya foleni ya donati za moto, Soko la Queen Victoria, Melbourne. Macho yalikuwa kwenye simu, kwa hiyo hakumwona mwanamume aliyesimama mbele yake akigeuka polepole, donati mkononi, jamu ikimchuruzika kuelekea kwenye kiwiko.

"Samahani, dada," yule mwanamume akasema. "Mimi siyo Leandro. Na shati hili nimelipiga pasi mwenyewe."

Akina mama wawili waliokuwa nyuma wakaangua kicheko. Leonie akawa mwekundu kama viatu vyake, na viatu vyake, kwa kweli, vilikuwa vyekundu mno: raba za kukimbilia, visigino vimeliwa upande mmoja, chini ya koti la mvua la rangi ya haradali ambalo lilionekana kutoka mbali katika mji ule unaopenda kuvaa nyeusi.

"Sikuwa naongea na wewe, kaka. Naongea na simu."

"Simu yako inavaa shati?"

"Naandika!"

"Kwa mdomo?"

"Kwa mdomo. Mimi nasema, simu inaandika. Nikikaa mezani silipati hata neno moja. Mpaka nitembee."

"Aa." Alilamba jamu kwenye kidole, akafikiri. Alikuwa mrefu, sweta la kijivu, kola ya shati imenyooka kama imekatwa kwa wembe, na masikio makubwa ya mtu asiyeharakisha kusikiliza. "Mama yangu anamsoma mwandishi mmoja, anaitwa Rosalba Kent. Huko nako watu wote wananyeshewa. Wananyeshewa wee, halafu hakuna anayekohoa."

"Kikohozi kinaua mapenzi."

"Unamjua huyo Rosalba?"

"Namjua kuliko ninavyopenda. Ni mimi."

Yule bwana alimtazama kuanzia raba hadi nywele, ambazo zilikuwa zimepakwa rangi ya chungwa na mtu aliyekuwa na haraka. "Nilidhani Rosalba ana kofia yenye manyoya."

"Anayo. Kofia iko kwa dobi."

Hivyo ndivyo Leonie alivyomjua Salvu Grima, Mmalta wa mtaa wa St Albans, mpima masikio kwa kazi, anayewavalisha wazee wa watu vifaa vya kusikia na kurudi nyumbani kwa mama asiyetaka kabisa kuvaa chake. Alimwachia Leonie namba ya simu, akadai ni kwa ajili ya mama, ambaye angefurahi kupata sahihi ya Rosalba. Mama hakupata sahihi yoyote.

*

Tumtazame kidogo huyu Rosalba Kent, maana wapo waliodhani ni mwanamke wa hariri anayekunywa chai kwenye kochi. Rosalba alizaliwa kwenye maegesho ya kiwanda cha kuku, wakati Leonie akiwa kazini hapo, vidole vimekufa ganzi kwa barafu, mume ameshaondoka na televisheni. Kwa kuwa vidole havikuweza kuandika, aliisimulia simu yake hadithi ya kwanza saa za mapumziko, akizunguka magari ya wenzake. Wachapishaji wa mjini wakamjibu kwa adabu kwamba hapana. Akakichapisha kitabu mwenyewe kwenye duka la mtandaoni, jalada akalitengeneza mwenyewe, na shingo ya bwana kwenye jalada ikatoka ndefu kama ya twiga. Kikanunuliwa. Kikafuata kingine, na kingine, mpaka ikafika siku ukipanda tramu ya asubuhi unamwona karani upande huu na nesi upande ule, wote wameinamia simu, wote midomo wazi, na ukichungulia ni Rosalba.

Ila kazi ya kujichapishia ni kama kuendesha baiskeli mlimani: ukiacha kukanyaga, unarudi nyuma. Mashine za duka humsahau mwandishi aliyenyamaza. Kwa hiyo Leonie alikanyaga. Alitembea Brunswick akichumbia, akavuka Footscray akiachana, akarudi kwa njia ya reli akipatana. Kukaa kitako kulimshinda. Hata kwa daktari wa meno alitikisa mguu mpaka kiti kikalia.

Salvu aliyagundua haya mapema. Alimpeleka hotelini mara moja tu.

"Unangoja mtu mwingine?" alimuuliza, supu ikipoa.

"Hapana. Kwa nini?"

"Meza inatetemeka. Nilidhani treni inapita."

"Ni mguu. Usiujali. Endelea kula, mpenzi."

"Tutembee?"

"Tutembee!"

Tangu siku hiyo mapenzi yao yalikuwa ya miguu. Walikula wima, wakabusiana kwenye vituo vya tramu, wakagombana kwa utani wakivuka barabara. Wasipokuwa pamoja, zilikuwa simu.

"Rosalba?"

"Rosalba hayupo, yuko mvuani. Hapa ni Leonie."

"Huyo huyo. Yule mwenye viatu vilivyochoka. Umekula?"

"Nimekula tufaa."

"Tufaa siyo chakula, ni mlo wa farasi. Uko wapi?"

"Karibu na daraja. Namwua mume wa kwanza wa mtu."

"Mwue haraka uje. Nimenunua pastizi, sambusa zetu za Kimalta, zinapoa."

"Za jibini?"

"Za jibini na za dengu. Leonie?"

"Naam, moyo wangu."

"Hiyo 'naam, moyo wangu' ni yangu, au ni ya yule nahodha wa kitabu cha Pasaka?"

Leonie alicheka, akasema ni yako, mjinga wewe. Lakini alipokata simu alisimama kidogo darajani akajiuliza. Kwa kweli hakukumbuka.

*

Jioni moja ya vuli walikuwa wakitembea kando ya mto Maribyrnong, upepo unawasukuma mgongoni, Leonie mbele hatua moja kama kawaida yake. Alikuwa akimtania kuhusu harusi. Wamalta wote wa St Albans walijua kwamba miaka kadhaa nyuma Salvu aliachwa kanisani: kanisa limejaa, keki imeagizwa na kulipiwa, bibi harusi hakutokea.

"Na wewe ukafanyaje? Ulilia?"

"Viatu vilinibana. Nilitaka kulia kwa ajili ya viatu."

"Salvu! Niambie kweli."

Salvu akasema, bila kubadilisha mwendo, "Marthese hakunikimbia. Nilimpeleka mwenyewe."

"Wapi?"

"Uwanja wa ndege. Asubuhi ile ile. Alinipigia simu niende kwa mlango wa nyuma, nikaenda na gari la harusi, maua yote juu. Nikamkuta ameshavaa gauni, ameketi kwenye ngazi za jikoni. Akaniambia Salvu, wewe ni mtu mzuri sana, nampenda mtu mwingine, yuko Perth, anachimba madini. Sasa ungefanyaje? Nikamwambia ingia. Alipokuwa anashuka, shela ikabanwa na mlango. Tukaivuta, haikutoka. Ndege inaondoka. Akaichana, akakimbia."

"Halafu?"

"Halafu nikaenda kanisani nikasimama. Baba yake na kaka zake wangejua mapema, wangemfuata mpaka kwenye ngazi za ndege. Nikasimama nikingoja mtu ninayejua haji. Mama yuko mstari wa mbele, ananitabasamia. Baadaye aliona kile kipande cha shela kwenye mlango wa gari, akauliza hiki nini. Nikamwambia ni mapambo ya watu wa maua."

"Hukumwambia mpaka leo?"

"Alishaanza kumlaani Marthese mbele ya shangazi zangu wote. Anamlaani kila Krismasi. Nimwambie nini? Kwamba nilimsimamisha pale na kofia yake mpya, angoje mtu niliyemsindikiza kwa mkono wangu? Hapana. Hili sijamwambia mtu, Leonie. Liwe la hapa hapa."

"La hapa hapa," Leonie akasema.

Ndipo Salvu alipogundua kwamba walikuwa wamesimama. Leonie Pascoe, mwanamke asiyesimama hata kwa taa nyekundu, alikuwa ameganda njiani kama nguzo ya umeme, machozi yanamtoka. Salvu aliona mapenzi, na mapenzi yalikuwepo, tena tele. Asichokiona ni kwamba ndani ya mwanamke yule, nyuma kabisa, mwanamke mwingine mwenye kofia ya manyoya alikuwa ameinua kichwa na kusema: aisee.

*

Kitabu kipya kilikuwa kimeshatangazwa. Wasomaji walishakinunua kabla hakijaandikwa, ndivyo kazi hiyo ilivyo: unauza tarehe kwanza, maneno baadaye. Na maneno hayakuwepo. Leonie alitembea mpaka soli ya kulia ikatoboka, akasema "alimtazama kwa macho ya..." akashindwa kusema macho ya nini.

"Nitumie hata sura tatu," alilia Bronte Ludlow kwenye simu. Bronte ndiye aliyemsaidia kazi yote ya mauzo, mwanamke wa Geelong mwenye sauti kama ya king'ora. "Wasomaji wa kwanza wananigongea. Wanauliza, Rosalba amekufa?"

"Waambie ana mafua."

"Rosalba haugui mafua! Umesema mwenyewe!"

Asubuhi iliyofuata Leonie alitoka na mvua, akafungua simu, mdomo ukamtoka wenyewe: *Alimkuta bibi harusi ameketi kwenye ngazi za jikoni.* Alitembea mpaka Williamstown bila kujua. Alipofika baharini kitabu kilikuwa na moyo, na moyo ule ulikuwa wa mtu.

Nitabadilisha, alijiambia. Na alibadilisha, tusimwonee. Salvu akawa Mreno mwenye mashamba ya mizabibu na ndevu nyingi. Melbourne ikawa Adelaide. Ndege ikawa treni, ya jukwaa la pili la stesheni. Marthese akawa Ines, mchimba madini akawa mpiga fidla, masikio makubwa yakafanywa madogo. Alibadilisha kila kitu isipokuwa kile kipande cha shela kilichobanwa mlangoni. Mara mbili alikifuta, mara mbili akakirudisha. Kilikuwa kizuri mno. Kila mwandishi anajua kile kinachoumiza kufuta, na hakuna mwandishi anayejiuliza kwa nini kinaumiza.

Kumuuliza Salvu? Alikusudia. Siku moja alifungua mdomo kabisa, Salvu akamwekea pastizi ndani, wakacheka, ikapita.

*

*Bibi Harusi wa Jukwaa la Pili* kiliingia sokoni Ijumaa. Jumamosi jioni kilikuwa kinaongoza orodha nzima, juu ya waandishi ambao Leonie aliwahi kuwapangia vitabu rafuni akiwa kibarua wa duka. Jumapili, huko St Albans, Mama Vitorin Grima alikuwa jikoni mwake, sungura anachemka kwenye divai na vitunguu saumu, yeye ameshika kishikwambi karibu na pua, maandishi yamekuzwa mpaka maneno manne yanajaza kioo.

"Salvu!" Alizungumza kwa kelele, kama wanavyofanya wasiosikia. "Njoo usikie mjinga huyu! Huyu Mreno! Amempeleka mchumba wake stesheni siku ya harusi, kwa mkono wake! Halafu anaenda kanisani anasimama kama mshumaa!"

Salvu alikuwa anakata mkate. Kisu kikasimama.

"Nimelia, we mtoto! Nimelia na kitunguu sijakigusa. Mjinga, lakini mjinga mzuri. Ngoja. Ngoja nikusomee. 'Kwenye mlango wa gari...'" Akasogeza kidole. "'Kwenye mlango wa gari palikuwa na kipande cha...'"

Sungura akatokota. Mama Vitorin alisoma mstari ule kimya, akaurudia, akavua miwani, akaifuta kwa aproni, akausoma tena. Kisha akamtazama mwanawe, na hakuzungumza kwa kelele tena.

"Watu wa maua, siyo?"

"Mama..."

"Uliniambia watu wa maua."

"Mama, nilitaka—"

"Nimemwita yule binti majina kwenye ubatizo! Kwenye mazishi! Nimegoma kumsalimia mama yake sokoni mpaka mama yake amekufa! Na wewe umekaa hapo unakula sungura!"

Alichukua kipande cha mkate akamrushia. Kikampata. Halafu akachukua mkate wote.

*

"Niambie siyo kweli," Salvu alisema kwenye simu. Leonie alikuwa Sydney Road, watu wanampita kwa mabega.

"Salvu, nilibadilisha. Wewe ni Mreno. Una ndevu."

"Mama yangu amenitambua kwenye ndevu zako. Amelala, hataki kula, hataki kuniona. Nilikwambia nini pale mtoni?"

"La hapa hapa."

"Watu wangapi wamesoma la hapa hapa, Leonie?"

Jibu lilikuwa kwenye simu hiyo hiyo aliyoshika, linaongezeka wakati wanaongea.

"Mpenzi, nisikilize. Bila wewe mimi ni nyumba isiyo na madirisha—"

"Hiyo ni ya yule mjane wa mnara wa taa."

"Nakupenda kuliko pumzi yangu."

"Nahodha. Sura ya mwisho."

"Salvu, tafadhali, usiniache hivi—"

"Hilo umeliweka kwenye vitabu vingapi? Mimi nimevisoma vyote, ulijua? Usiku, kimoja baada ya kingine, ili nikujue. Sasa ukinena sijui nani ananena." Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. "Mimi nasikiliza watu kwa kazi, Leonie. Nilikusikiliza sana. Nilidhani na wewe unanisikiliza. Kumbe ulikuwa unarekodi."

Simu ikakatika. Leonie akaendelea kutembea kwa sababu hakujua kitu kingine cha kufanya. Alitembea mpaka Coburg, akageuka, akarudi. Akafungua mdomo kusema kitu kwenye simu, chochote, kama alivyofanya siku ya mume na televisheni. Hakuna kilichotoka. Kisima chake cha miaka yote kilikuwa kimekauka, na mwenye kukikausha ni yeye.

Bronte akapiga.

"Umekaa? Kaa! Kuna watu wa filamu wameniandikia. Wa filamu, Leonie! Wanataka ile sura ya shela iwe ndiyo ya kwanza!"

"Bronte, naondoa kitabu."

"Nini?"

"Nakiondoa dukani."

"Umelewa?"

"Sijanywa."

"Basi kanywe, halafu tuongee. Hiki ndicho kitabu ulichokitafuta kwa miguu maisha yako yote. Ukikiondoa leo, mashine hazitakurudishia nafasi hiyo. Wasomaji watakuchinja. Nani anakulazimisha? Mwanasheria? Mchapishaji?"

Hapo ndipo pana ubaya wa kujichapishia. Mwandishi mwenye kampuni angesema, kampuni imekataa, mkono wangu haumo. Leonie hakuwa na kampuni. Aliyekiweka alikuwa yeye, na kitufe cha kukitoa kilikuwa chini ya kidole chake, kidogo, cha kijivu, hakina hata rangi ya hatari.

"Hakuna anayenilazimisha," alisema. "Hadithi ilikuwa ya mtu."

Akabonyeza, amesimama nje ya duka la vitambaa. Waliokwisha kukinunua walibaki nacho. Hayo hayakuwa na dawa. Lakini wiki ile yote wasomaji walimtukana kwa ubunifu ambao, akiwa mzima, angeuiba. Watu wa filamu wakanyamaza. Jina la Rosalba likaporomoka kwenye orodha mpaka likapotea chini ya vitabu vya mapishi ya maboga.

*

Alikwenda St Albans bila kualikwa, koti la haradali, mikono mitupu, kwa sababu hakujua Mmalta aliyekasirika hupelekewa nini. Mama Vitorin alifungua mlango, mwanamke mfupi wa nguo nyeusi na slipa za manyoya ya waridi.

"Wewe ndiye Rosalba."

"Ndiyo, mama. Nimekuja kukuomba—"

"Sema kwa nguvu!"

"NIMEKUJA KUKUOMBA RADHI!"

Jirani upande wa pili akasogeza pazia.

"Sijakusamehe," alisema Mama Vitorin. "Ingia, unaniingizia baridi."

Jikoni hakupewa kiti, na kwa bahati hilo lilimfaa. Mama alimweleza kwamba amemlazimisha Salvu kumpigia Marthese huko Perth, simu ikiwa kwenye spika, na kwamba yeye mwenyewe alimwomba radhi yule binti kwa kelele mpaka watoto watatu wa Marthese wakaanza kulia upande wa pili.

"Watoto wazuri, nasikia. Sikuwasikia vizuri, lakini walilia vizuri. Sasa wewe. Kwa nini mwanangu umempa ndevu?"

"Nilitaka asitambulike."

"Amechukiza na ndevu. Na kwa nini hukumuuliza? Mdomo unao. Unaongea barabarani na simu siku nzima kama kichaa, ukashindwa kumwuliza mtu mmoja swali moja."

"Niliogopa atasema hapana."

"Angesema hapana."

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo ulijua."

Leonie alitazama sakafu. Alikuwa ameandika kuomba radhi kwingi, na magoti, na mvua, na farasi. Hapa hapakuwa na kitu cha kuongeza. "Nilijua," alisema.

Mama Vitorin alimtazama sana. Halafu akaingia kwenye mkoba wake, akatoa simu, akaisogeza puani, akapiga namba. "Halo! Kliniki? Mimi mama yake Salvu! Nataka nafasi ya kupimwa masikio! Siyo mimi, mimi mzima! Kuna mtu hapa aliambiwa kitu wazi kabisa kando ya mto, hakusikia!"

*

Kijumba cha kupimia kilikuwa kidogo kama kabati, kuta za sponji, kiti kimoja, dirisha moja la kioo kinene. Salvu alimpokea kama anavyompokea mgonjwa yeyote: koti jeupe, shati lililopigwa pasi, uso uliofungwa. Alikuwa amekonda.

"Kaa hapo. Vaa hedifoni. Shika hii swichi. Ukisikia mlio, hata mdogo, bonyeza. Usiposikia, usibonyeze."

"Salvu, mimi—"

"Humu ndani mgonjwa haongei."

Akafunga mlango. Kimya kikamshukia Leonie, kimya ambacho hajawahi kukijua: hakuna tramu, hakuna upepo, hakuna hatua zake mwenyewe. Alisikia damu yake inavyozunguka. Mguu ukaanza kutikisika. Akaubana kwa mguu wa pili. Mlio ukaja, *tii*. Akabonyeza. Kwenye meza ya Salvu, ng'ambo ya kioo, taa ndogo ya kijani ikawaka. Mwingine, wa chini zaidi. Akabonyeza. Mwingine, mbali kama mbu wa chumba cha jirani. Akabonyeza.

Halafu hapakuwa na milio. Palikuwa na sauti. Salvu alikuwa ameweka karatasi mbele ya mdomo, kama wanavyofanya wapimaji ili mgonjwa asisome midomo, na macho yake juu ya karatasi yalikuwa kwenye mashine.

"Ukinisikia, bonyeza."

Taa.

"Kitabu umekiondoa kweli, au umekificha kidogo mpaka hasira ziishe?"

Leonie akasita, hilo halikuwa swali la kitufe kimoja. Salvu akaliona. "Samahani. Umekiondoa kabisa?"

Taa.

"Ulikiondoa ili nirudi?"

Kidole kikaenda, kikarudi. Akabonyeza nusu, akaachia, akabonyeza tena. Taa ikapepesa kama ya baiskeli yenye dainamo mbovu. Juu ya karatasi, macho ya Salvu yakakunjamana kidogo pembeni.

"Nashukuru kwa ukweli," ilisema sauti, na sasa ilikuwa imeshuka. "Nikikuambia jambo la hapa hapa, mara nyingine. Utaliandika?"

Leonie aliweka swichi mapajani. Kisha, ili pasiwe na shaka, alikalia mikono yake yote miwili, akamtazama.

Salvu akainamisha kichwa. Akazungusha kitufe cha sauti kuelekea chini, na chini tena, mpaka alipozungumza ilikuwa kama anazungumza ndani ya fuvu la Leonie mwenyewe, na mwanamke yule akaacha hata kupumua ili asipoteze neno.

"Nimeshawahi kusimama kanisani nikijua hakuna anayekuja. Siyo kazi ngumu, nimekwambia, ni viatu tu. Safari hii nataka kusimama nikijua kuna mtu yuko njiani. Utakuja?"

Leonie alichomoa mikono kwa kasi, na swichi ikaruka mapajani, ikagonga ukuta wa sponji bila sauti, ikapotelea chini ya kiti.

Kutoka upande wa Salvu kilichoonekana ni hiki: mwanamke wa koti la haradali alikuwepo kwenye kioo, halafu hakuwepo. Kiti kitupu. Taa haijawaka. Salvu aliishusha karatasi. Alisimama. Aliitazama taa ile kwa namna alivyowahi kuutazama mlango wa kanisa, na miguu yake, ndani ya viatu ambavyo havikumbana popote, ikaanza kutetemeka mpaka meza ikalia.

Chini, kwa magoti, waya wa hedifoni umemzunguka shingo, Leonie alipapasa zulia, akakosa, akapapasa tena, na midomo yake iliyosema kila kitu duniani ilikuwa imefumba kabisa.

Taa ikawaka.

Ikabaki inawaka. Mashine ile imetengenezwa kwa mlio mmoja, taa moja, na ikibonyezwa kwa muda mrefu hupiga kelele ya kuonya. Ikapiga, mhudumu akachungulia mlangoni kuuliza kama kuna kilichoharibika, na Salvu Grima akamwambia hapana, usiiguse, iache.